MTOTO ANAPOULIZA: "NITAKUWA MKUBWA LINI?"



Mtoto wa miaka 5, 6 au 7 huuliza maswali mengi. Anauliza ukiwa unapalilia shamba. Anauliza ukiwa unapuliza moto jikoni. Anauliza mbele ya wageni. Mara nyingine unachoka, unamwambia: "Nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa."

Mtoto ananyamaza. Lakini swali halijaondoka. Limebaki kichwani mwake. Kwa kuwa hakupata jibu kwako, atatafuta jibu mwenyewe. Mara nyingi jibu analolipata mwenyewe linatisha kuliko ukweli.

Katika somo hili tutazungumza juu ya maswali matano. Yote yanahusu kukua. Kila moja lina wasiwasi ndani yake. Tutaeleza ukweli wa kila jambo, na namna unavyoweza kumjibu mtoto wako, mjukuu wako, au mtoto wa ndugu yako.

1. "Jino langu linacheza. Je, nitakuwa kibogoyo?"

Mtoto anakula muhindi wa kuchoma. Mara anahisi jino la mbele linatikisika. Anaona damu kidogo. Anaogopa. Amemwona babu hana meno, naye anadhani meno yake yote yatakwisha vivyo hivyo.

Ukweli ni huu. Mtoto huota meno ya kwanza akiwa na miezi 6 hivi. Akifika miaka 3 huwa na meno 20. Hayo ni meno ya utoto. Kuanzia miaka 6 hivi huanza kung'oka moja moja, mpaka anapofika miaka 12 hivi. Mahali pake huota meno ya ukubwa. Mtu mzima mwenye meno yote ana meno 32.

Kwa nini jino la utoto hulegea? Chini yake, ndani ya ufizi, kuna jino jipya linalopanda. Jino jipya linapopanda, mzizi wa jino la zamani huyeyuka kidogo kidogo. Mwisho jino la zamani halina mzizi wa kulishika, nalo hung'oka. Litazame jino la utoto lililong'oka lenyewe. Utaona ni fupi, na mzizi wake karibu wote umekwisha.

Mahali pengi watoto hurusha jino juu ya paa na kuomba jino jipya. Hiyo ni furaha yao, haina ubaya. Lakini mwambie pia ukweli: "Jino jipya tayari lipo ndani. Hilo ndilo linalolisukuma hili la zamani."

Jambo moja wazazi wengi hawalijui. Mtoto akiwa na miaka 6 hivi, magego manne mapya huota nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto. Magego haya hayakungoja jino lolote ling'oke. Kwa hiyo mzazi hudhani ni meno ya utoto. Siyo. Ni meno ya ukubwa. Yakioza yakang'olewa, hakuna mengine yatakayoota. Mfundishe mtoto kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, mpaka nyuma kabisa. Mtoto mdogo hawezi kusafisha vizuri peke yake. Msaidie.

2. "Kwa nini sikui?"

Mtoto hajioni anapokua. Anaona kaka yake mkubwa ni mrefu leo, na jana alikuwa mrefu. Yeye anajiona ni yule yule. Anafikiri ameachwa nyuma.

Mtoto mchanga huzaliwa na urefu wa sentimeta 50 hivi. Katika mwaka wa kwanza huongezeka sentimeta 25 hivi. Akifika miaka 2 amekwisha pata karibu nusu ya urefu atakaokuwa nao ukubwani. Baada ya hapo mwendo hupungua. Mtoto wa miaka 6 huongezeka kiasi cha sentimeta 5 mpaka 7 kwa mwaka. Hiyo ni kama upana wa vidole vyako vinne. Kwa siku moja ni kidogo mno, jicho haliwezi kuona.

Mifupa hurefukaje? Karibu na ncha za mifupa mirefu, kama ya mapaja na ya mikono, kuna sehemu laini inayoitwa gegedu. Hapo mfupa mpya hutengenezwa, na mfupa hurefuka. Mtu anapokuwa mkubwa sehemu hiyo hugeuka kuwa mfupa mgumu, na kurefuka hukoma. Wasichana wengi huacha kurefuka wakiwa na miaka 16 hivi, na wavulana miaka 18 hivi.

Viungo vya mwili havikui kwa mwendo mmoja. Kichwa cha mtoto mchanga ni kiasi cha robo ya urefu wake wote. Kichwa cha mtu mzima ni kiasi cha sehemu moja ya nane tu. Mikono na miguu huongezeka zaidi kuliko kichwa.

Huenda wewe mwenyewe unakumbuka kipimo cha zamani cha kuanza shule. Watoto wengi vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Aliyefikia aliandikishwa. Asiyefikia alirudishwa nyumbani. Kipimo hicho kilitumia jambo tulilolisema: mkono hurefuka haraka kuliko kichwa. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida hafikii sikio. Wengi wa miaka 7 hufikia. Lakini hakikuwa kipimo cha haki. Mtoto aliyekosa chakula bora aliweza kuwa na umri wa kutosha, na bado mkono wake haukufika.

Hapa ndipo penye jambo la kuangalia. Watoto wengine ni wafupi kwa sababu wazazi wao ni wafupi. Hao ni wazima. Wengine ni wafupi kwa sababu ya kukosa chakula bora na kuugua mara kwa mara katika miaka ya kwanza. Huo huitwa udumavu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu. Ugali peke yake humshibisha mtoto, lakini haumkuzi vizuri. Mpe pia maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani na matunda, kwa kadiri unavyoweza kupata. Mpeleke mtoto mdogo kliniki apimwe, na uitunze kadi yake.

Usingizi nao ni chakula cha kukua. Mwili una kitu kiitwacho homoni ya ukuaji, ambacho huuamuru mwili ukue. Kwa mtoto, sehemu kubwa ya homoni hiyo hutoka usiku akiwa katika usingizi mzito. Kwa hiyo mtoto akikataa kulala unaweza kumwambia: "Lala, mwanangu. Mwili wako unafanya kazi ya kukua usiku." Hutakuwa umemdanganya.

Fanya jambo hili nyumbani. Msimamishe mtoto wima, bila viatu, visigino vigusane na mhimili wa mlango. Weka ubao mdogo au kitabu juu ya kichwa chake, kisha piga alama kwa mkaa. Sasa unajua kuandika. Andika pembeni jina lake na tarehe. Baada ya miezi 6 mpime tena. Ataiona alama mpya iko juu ya ile ya zamani. Hapo hutakuwa na haja ya maneno mengi. Ataamini macho yake.

3. "Kwa nini miguu inauma usiku?"

Watoto wengine huamka usiku wakilia kwamba miguu inauma. Inauma miguu yote miwili, katika mapaja, ndama za miguu, au nyuma ya magoti. Asubuhi mtoto anakimbia na kucheza kama kawaida. Maumivu haya huwapata watoto wengi wenye umri wa miaka 3 mpaka 12. Watu huyaita maumivu ya kukua, ingawa haijathibitishwa kuwa kukua ndiko kunakoyaleta. Mkande au msugue taratibu. Mweleze kuwa yatapita.

Lakini usiyafanye maumivu yote kuwa ni ya kukua. Mpeleke mtoto zahanati au hospitali ukiona mambo haya:

- Maumivu yako mguu mmoja tu, au mahali pamoja tu.
- Mahali panapouma pamevimba au pana joto.
- Mtoto ana homa, au anakonda.
- Asubuhi bado anachechemea.
- Macho yake yana rangi ya manjano, au viganja vimepauka kwa upungufu wa damu.

Kuna ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao selimundu. Watu wengi huuita sikoseli. Ugonjwa huu huleta maumivu makali ya mifupa, na Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Kipimo cha damu hospitalini ndicho kinachoutambua. Mtoto mwenye ugonjwa huu akiambiwa, "Ni kukua tu, nyamaza," anaweza kupoteza maisha.

4. "Mimi ni mkubwa. Mbona bado nakojoa kitandani?"

Swali hili mtoto haliulizi kwa sauti. Analiuliza moyoni. Asubuhi anaamka amelowa. Wenzake wanamwimbia na kumwita kikojozi. Mahali pengine hutembezwa na mkeka wake kichwani ili aone haya.

Fikiri, ndugu msomaji. Je, mtu anaweza kuona haya akiwa usingizini? Mtoto huyu hakojoi kwa uvivu. Amelala. Hana habari.

Katika watoto 100 wenye miaka 5, kiasi cha watoto 15 bado hukojoa kitandani. Kila mwaka wengine huacha wenyewe. Kwa wengi sababu ni usingizi mzito, na kibofu ambacho bado hakijazoea kumwamsha mtoto. Jambo hili pia hufuata ukoo. Ukiuliza kwa wazee, mara nyingi utasikia kwamba baba au mama wa mtoto naye alikuwa hivyo.

Kumpiga hakusaidii. Kumwaibisha hakusaidii. Humwongezea hofu tu. Fanya hivi. Mpe maji ya kutosha mchana, na kidogo tu jioni. Mpeleke akojoe kabla ya kulala. Asubuhi akiamka mkavu, msifu. Akiamka amelowa, asaidiane nawe kuanika shuka, bila matusi. Na mwambie: "Watoto wengi wako hivi. Utaacha."

Lakini kama mtoto alikwisha acha kwa miezi mingi kisha ameanza tena, mwangalie vizuri. Kama anasikia maumivu akikojoa, au anakunywa maji mengi mno na kukonda, mpeleke hospitali. Na uulize kwa upole kama kuna jambo linalomtisha nyumbani, njiani au shuleni.

5. "Mtoto mchanga ametoka wapi?" na "Mama, na wewe utakufa?"

Tumeyaweka maswali haya mawili pamoja, maana ndiyo yanayowasumbua wakubwa zaidi. Moja ni la kuzaliwa, jingine ni la kufa. Mtoto huyauliza yote mawili kwa moyo ule ule. Anataka kujua ametoka wapi na anakwenda wapi.

Tuanze na la kuzaliwa. Watoto wengi huambiwa: "Mdogo wako tumemnunua hospitali." Mtoto husikia jibu hilo, naye hufikiri mbele zaidi yako. Kama mtoto hununuliwa, basi huweza pia kuuzwa. Huweza kurudishwa. Siku ukimkaripia, anadhani utamrudisha hospitali.

Ukweli mfupi unamtosha mtoto wa miaka 5 au 6. Sema: "Mtoto hukua tumboni mwa mama, mahali maalumu pa watoto. Hukaa humo miezi 9, kisha huzaliwa. Na wewe ulikaa tumboni mwangu hivyo hivyo." Wengi huridhika hapo na kurudi kucheza. Akiuliza zaidi, jibu lile tu aliloliuliza. Usimpe somo refu.

Kumjibu bila kumgombeza kuna faida nyingine kubwa. Mfundishe kwamba sehemu zake za siri ni zake, na mtu asizichezee. Mwambie mtu akimgusa vibaya, hata kama ni jamaa au jirani, aje akuambie mara moja. Mtoto aliyezoea kufukuzwa akiuliza juu ya mwili, siku ya hatari ataogopa kusema. Tanzania na Kenya kuna namba ya simu ya bure ya kusaidia watoto, nayo ni 116.

Mabadiliko ya mwili nayo yaelezwe kabla hayajafika. Msichana huweza kuanza kuota matiti kati ya miaka 8 na 13. Mvulana huanza kubadilika kati ya miaka 9 na 14. Msichana asiyeambiwa habari za hedhi anaweza kudhani ameumia, au anakufa. Shangazi, bibi au mama asingoje mpaka siku ile.

Sasa la kufa. Mtoto wa miaka 3 au 4 hudhani aliyekufa atarudi. Kati ya miaka 5 na 7 watoto wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, na kwamba kila mtu atakufa. Hapo ndipo anapokutazama na kukuuliza: "Mama, nikiwa mkubwa, wewe utakuwa umekufa?" Kwa mtoto huyu kukua kumeanza kuwa jambo la kutisha. Anaona kwamba kila anavyoongezeka yeye, ndivyo unavyozeeka wewe.

Bibi akifariki, usimwambie mtoto, "Bibi amelala." Anaweza kuogopa kulala. Usimwambie, "Bibi amesafiri." Atakaa mlangoni akimngoja, na baadaye atadhani bibi hampendi tena. Sema: "Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hasikii maumivu. Hatarudi, lakini tutamkumbuka." Kisha mweleze kwa imani ya nyumba yenu.

Watoto wa umri huu pia hudhani wao ndio waliosababisha kifo. "Nilimkasirikia bibi, ndipo akafa." Kwa hiyo usingoje aulize. Mwambie: "Si kosa lako."

Na akiuliza juu yako, jibu bila hasira na bila uongo: "Kila mtu hufa siku moja, mwanangu. Lakini mimi ni mzima, na natumaini kukuona ukiwa mtu mzima. Na hata likitokea jambo, yupo baba, yupo bibi, yupo mama mdogo. Hutabaki peke yako." Mtoto anataka kujua ni nani atakayempikia uji kesho. Ukilijibu hilo, umemjibu swali lake.

Mambo ya kukumbuka

Jibu kwa ufupi. Jibu kwa ukweli. Jibu siku hiyo hiyo. Kama una kazi, mwambie: "Nimesikia swali lako. Tutazungumza jioni." Jioni ikifika, timiza ahadi.

Kama hujui jibu, sema: "Sijui, lakini nitauliza." Muulize mwalimu, mganga wa zahanati, au wenzako darasani. Wewe mwenyewe umekuja darasa la watu wazima kwa sababu ulikuwa na maswali. Hukupenda kuambiwa kwamba umechelewa. Mtoto naye asiambiwe kwamba amewahi mno.

Anayekuuliza bado anakuamini. Mtunzie imani hiyo, maana siku moja atakuwa na swali kubwa zaidi. Utataka aje kwako.

Maneno magumu

Gegedu: sehemu laini ya mwili, kama ile ya sikio, ipo pia karibu na ncha za mifupa.
Homoni: kitu ndani ya damu kinachoamuru mwili kufanya kazi fulani, kama kukua.
Udumavu: hali ya mtoto kutofikia urefu wa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi.
Selimundu: ugonjwa wa damu wa kurithi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mtoto wa miaka 6 huota magego mapya nyuma. Kwa nini magego hayo yanahitaji kutunzwa sana?
2. Taja dalili tatu za maumivu ya miguu zinazotaka mtoto apelekwe hospitali.
3. Kijijini kwenu watoto huambiwa mtoto mchanga ametoka wapi? Jibu hilo lina faida gani, na lina hasara gani?
4. Kumbuka swali ulilonyamazishwa ukiwa mtoto. Ulipata jibu lake wapi? Andika sentensi tatu.
5. Mpime mtoto mmoja nyumbani kwako wiki hii. Andika jina lake, tarehe na urefu wake katika daftari lako.